Gari la Kuvuta Boti ya Mama Domitille

Kila siku, Emerance akishatoka shule na kumaliza sahani yake ya fufu na sombe, kulikuwa na kazi inayomngoja nyuma ya nyumba: kupima mbao. Baba yake, Papa Niyibizi, alikuwa fundi wa boti mtaani Ndosho, mjini Goma. Mbao zake za mikaratusi zilishuka kutoka Masisi zikiwa bado na maji ndani. Kila ubao ulifungwa kamba na kuning'inizwa kwenye mizani ya ndoano, kisha Emerance akaandika kilo zake katika daftari. Papa Niyibizi alikuwa akisema kwamba boti ni kama mgonjwa: usipojua uzito wake, utaitisha watu wawili kubeba kazi ya watu wanne.

Mwaka huo alikuwa akiunda boti ya mita nane. Ilikuwa ya Mama Domitille na wenzake, wanawake kumi na wanane wanaopeleka mboga na viazi katika vijiji vya kando ya Ziwa Kivu. Boti yao ya zamani ilikuwa imeoza chini, wakawa wanasafiri huku wawili wanapiga makasia na wawili wanachota maji kwa sufuria. Walikuwa wameahidiwa kuwa mpya itaingia ziwani Jumamosi, saa nne asubuhi.

Wiki mbili za kwanza Emerance alipima vizuri. Wiki ya tatu, rafiki yake Rosette na wasichana wengine wakaanza kuruka kamba nje ya ukuta wa mawe meusi, wakihesabu kwa sauti: "Thelathini na moja! Thelathini na mbili!" Nani angekaa na mizani? Emerance akautazama ubao, akasema moyoni, "Huu kama kilo tano," akaandika tano. Kesho yake hata kuutazama hakuutazama. Mbao nyingine hakuziandika kabisa. Na mtu anayekisia kazi yake hakisii juu, hukisia chini, kwa sababu anataka imalizike.

Boti ikakamilika. Ikapakwa rangi ya bluu, ikakaa juu ya magogo kama bibi harusi anayesubiri gari. Sasa shida ikabaki moja: karakana iko juu, ziwa liko chini, na katikati kuna barabara ya mawe na mteremko mkali. Papa Niyibizi alikuwa na remoroki, yaani tela la magurudumu mawili. Gari la kulivuta ndilo hakuwa nalo.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana yakaja magari mawili kwa mpigo. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, la mjomba Cédrick, ndugu mdogo wa mama yake Emerance. Lilitumia esansi, yaani petroli. La pili lilikuwa pikapu ya Muzee Habarurema, jirani anayebeba kabichi na viazi kutoka Kibumba. Hiyo ilikuwa ya mazutu, ndiyo dizeli. Zamani ilikuwa nyeupe.

"Shemeji," Cédrick alimwambia Papa Niyibizi, "boti mpya haivutwi na gari linalokohoa. Watu watafikiri tunapeleka makaa."

"Linakohoa, lakini halilali njiani," Muzee Habarurema akamjibu. "Lako linaimba vizuri, kijana. Kesho tutaona kama wimbo unavuta boti."

Wanafunzi wa karakana wakacheka. Papa Niyibizi akainua mkono.

"Ngojeni. Esansi inapenda mbio. Injini yake lazima ipige kelele ndipo ipate nguvu. Mazutu inapata nguvu polepole, kama ng'ombe wa Masisi anayepanda kilima. Hana haraka, lakini anafika. Ila si kila mzigo unataka ng'ombe. Emerance! Leta daftari."

Emerance akalileta. Papa Niyibizi akajumlisha kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.

"Boti, kilo mia sita arobaini. Remoroki, mia tatu. Jumla mia tisa arobaini. Cédrick, kitabu cha gari lako kinasemaje?"

"Linavuta kilo elfu moja. Isizidi."

"Basi linatosha. Tena ni fupi, litapinda vizuri katika njia yetu hii nyembamba. Muzee, wewe kesho uende zako Kibumba kwa amani."

Muzee Habarurema hakuondoka mara moja. Aliizunguka boti, akaigonga ubavuni kwa ngumi.

"Mia sita arobaini? Hii?"

"Mutoto wangu alipima ubao kwa ubao, muzee."

"Basi," akasema yule mzee. "Kama mutoto alipima, nibishe nini?" Akapanda pikapu yake, akaondoka na moshi wake.

Emerance alibaki amesimama palepale. Alijiambia kwamba boti haiwezi kuwa nzito sana, kwamba mjomba Cédrick anajua kuendesha, kwamba kesho yote yatakwisha na daftari litatupwa. Alikuwa karibu kuyaamini hayo. Ndipo Rosette akapita getini na bidoni yake, dumu la maji la njano, kichwani.

"Emerance, kesho nitaiona boti yenu ikipita! Asubuhi sisi wote tuko kwenye ule mteremko tunapandisha maji. Nitakupungia mkono!"

Mteremko ule. Asubuhi ya Jumamosi unajaa watoto wenye bidoni, pande zote mbili, mpaka katikati ya barabara. Emerance aliona akilini boti ya bluu ikilisukuma gari jekundu kwa nyuma, na gari halisimami, na Rosette anapunga mkono. Miguu yake ikaenda kwa baba kabla hajapanga maneno.

"Papa, zile kilo ni za uongo."

Papa Niyibizi alikuwa akikaza bolti ya remoroki. Akaacha.

"Unasema nini?"

"Nilipima wiki mbili tu. Zile zingine niliandika za kukisia. Nyingine sikuandika. Nilikwenda kuruka kamba."

Cédrick, aliyekuwa akifuta kioo cha gari lake, akajaribu kucheka. "Aa, shemeji, hata ikizidi kidogo, mimi naendesha miaka sita sasa. Nitakanyaga breki kwa nguvu."

"Breki hazisikii sifa zako," Papa Niyibizi alisema bila kumtazama. Kisha akamgeukia binti yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma Emerance zaidi. "Mimi nimemwambia mutu mzima, jirani yangu, kwamba wewe umepima. Kesho saa nne wale mama wako ziwani. Boti haitoki hapa mpaka nijue kilo zake. Wewe ndiye uliyeharibu hesabu, wewe utaitengeneza."

"Lakini mizani yetu inafika kilo mia tu, Papa. Na boti imeshaungwa."

"Nasikia."

Emerance alikaa juu ya gogo, akalia kidogo, kisha akaona kulia hakupimi kitu. Mbele yake ulikuwa umelala mti mrefu wa mkaratusi, wa mita nne, ule ambao wanafunzi wa karakana huutumia kunyanyulia magogo. Shuleni mwalimu aliwafundisha habari za wenzo: ukiweka jiwe karibu na mzigo na wewe ukasimama mbali, unapata nguvu mara nyingi. Akaruka juu.

"Papa! Jiwe likiwa mita moja kutoka kwenye boti, na sisi tukiwa mita tatu upande wa pili, kilo yetu moja inanyanyua kilo tatu za boti. Tukijua uzito wetu, tutajua wake!"

Papa Niyibizi aliutazama ule mti. "Na hao 'sisi' ni nani?"

Emerance alikuwa ameshafika getini. Baada ya dakika kumi akarudi na Rosette na watoto sita wengine wa mtaa. Wakapimwa kwanza, mmoja mmoja, wakikaa katika kitanzi cha kamba chini ya mizani ya ndoano na kuzungukazunguka kama mbuzi wa mnadani.

"Jeancy, kilo arobaini na moja!" Emerance akasoma.

"Viazi vyote vya Rutshuru viko tumboni mwake!" Rosette akapiga kelele.

"Na wewe kilo ishirini na tisa," Jeancy akajibu. "Upepo ukivuma, shika ukuta."

Kisha mti ukaingizwa chini ya pua ya boti, jiwe likawekwa mita moja, na watoto wakaanza kupanda kwenye ncha nyingine. Wanne, boti haikutikisika. Watano, ikalia kidogo. Sita, pua ikanyanyuka kutoka juu ya gogo, na karakana nzima ikapiga makofi. Watoto wale sita walikuwa kilo mia mbili na tano. Mara tatu, mia sita kumi na tano. Na hiyo ilikuwa nusu ya mbele tu. Nyuma, pale panapofungwa injini, walihitajika saba: kilo mia mbili arobaini, mara tatu, mia saba ishirini. Emerance alijumlisha mara mbili, baba yake akajumlisha ya tatu.

"Elfu moja mia tatu thelathini na tano," Papa Niyibizi akasema. "Na mti wenyewe umesaidia kunyanyua, kwa hiyo boti inaweza hata kuzidi hapo. Ongeza remoroki."

"Elfu moja mia sita thelathini na tano."

Cédrick alifungua kitabu cha gari lake, akasoma tena ule ukurasa, akakifunga taratibu. "Shemeji," akasema, "hilo gari langu lingeingia ziwani pamoja na mimi."

Iliyobaki ilikuwa safari ya Emerance peke yake, maana baba yake hakumsindikiza. Alimkuta Muzee Habarurema akipanga makapu ya kesho.

"Shikamoo, muzee. Nilidanganya kwenye daftari. Leo tumepima kweli. Ni kilo elfu moja mia sita thelathini na tano, pamoja na remoroki. Tunaomba gari lako."

Mzee akakuna shavu. "Ngumi yangu iliniambia. Na kabichi zangu za Kibumba?"

"Sijui, muzee. Nimekuja kuomba tu."

"Angalau hukunipangia uongo mwingine," mzee akacheka. "Gari langu linavuta elfu mbili na mia tano. Kabichi zitangoja mchana, hazina miguu. Mwambie baba yako saa mbili kamili."

Saa mbili kamili pikapu ya mazutu ilifungwa kwenye remoroki. Papa Niyibizi alikagua kila kamba. Muzee Habarurema akaweka gia ya kwanza, moshi mweusi ukapanda, na ile boti ya bluu ikaanza kutembea katikati ya Ndosho. Kona ya njia nyembamba iliwapotezea nusu saa, wakirudi nyuma na kwenda mbele, huku wenye pikipiki wakipiga honi na Cédrick akitembea mbele kwa miguu akiwafukuza: "Pisheni! Pisheni! Boti ya Mama Domitille inapita!" Watu walitoka madukani. Watoto wakajipanga nyuma kama gwaride.

Walipofika kwenye mteremko, Papa Niyibizi aliwatuma watoto wenye bidoni wakae juu ya ukuta wa kando ya barabara. Muzee akabaki kwenye gia ya kwanza, mguu umegusa breki kidogo tu, injini yenyewe ikilizuia gari. Walikuwa katikati wakati chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, lilipopinduka mbele yao na mzigo wake wa magunia ukatawanyika barabarani.

"Muzee, simama!" Emerance, aliyekuwa akitembea kando ya pikapu, alipiga kelele.

Breki zikalia. Boti ikasukuma kwa nyuma, mawe yakasagika chini ya matairi, pikapu ikateleza mita moja, mita moja na nusu. Ikasimama. Mwenye chukudu alikuwa hatua tatu mbele, ameshika kichwa. Juu ya ukuta Rosette alikuwa amefumba macho.

Halafu mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe. Vijana walikimbia kuokota magunia, njia ikafunguka, na saa nne kasoro dakika tano remoroki ilirudishwa nyuma polepole mpaka maji yakafika kwenye magurudumu. Boti ikaelea. Papa Niyibizi aliruka ndani, akapapasa sakafu kutoka mbele mpaka nyuma, akainua kiganja chake kikavu juu ili wote wakione. Wale mama kumi na wanane wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa ufukweni wakakimbia.

Mama Domitille alipandisha kitenge chake magotini, akaingia majini. "Fundi, gari zuri jekundu nililoambiwa liko wapi? Nimevaa vizuri kwa ajili yake!"

Papa Niyibizi akamweka Emerance mbele yake, mikono mabegani.

"Mama, gari la esansi si baya, na la mazutu si mfalme. Kila moja lina mzigo wake. Jana huyu mutoto alinipa kilo za uongo, na mimi, fundi mzima, nikachagua vibaya kwa sababu yake. Kisha akaja mwenyewe kuniambia, wakati alijua nitakasirika, akapima upya kwa jasho lake. Ndiyo maana leo tunaimba. Nyinyi watoto mnaosikiliza, mkikosea kazi, semeni mapema, wakati boti iko bado juu ya magogo. Mteremkoni hakuna nafasi ya kusema."

"Umesikia, Cédrick?" Muzee Habarurema akauliza.

"Nimesikia, muzee. Nisukume gari lako likikataa kuwaka?"

Lakini liliwaka mara moja, kwa kikohozi kikubwa, na likapanda kuelekea Kibumba kufuata kabichi. Ziwani, Mama Domitille alikuwa ameshashika usukani, na boti ya bluu ikageuza pua yake kuelekea maji mengi.