Shanga za Rangi Ishirini

Sokoni Mgandini siku ya Jumamosi hupiti ila kwa bega. Hafsa alipita hivyo hivyo, baibui limemkaa, marashi yanamtangulia, hina nyekundu hadi kiwikoni, akasimama mbele ya meza ya Sabiri muuza shanga. Akataka rangi ishirini zitungwe uzi mmoja mrefu, kwa mpangilio ambao angemtajia kwa simu.

Sabiri hakuuliza za nini. Mwanamume aliyelelewa Chumbageni hamwulizi mwanamke shanga zake anamvalia nani. Aliitazama ile hina, akajijibu mwenyewe: huyu bibi harusi. Na moyo, mpumbavu ule, ukampenda hapo hapo. Hafsa naye hakueleza. Nani humweleza muuza shanga mambo ya darasani?

Basi simu zikaanza. Kila jioni Hafsa humtajia rangi chache: nyeupe, buluu, kijani, kijani. Katikati hutaniana, huulizana nani kapika nini. Akimwita "fundi wangu" Sabiri huona raha, kisha akikumbuka hina, chakula humshinda. Yamfike nani haya, kumtungia umpendaye shanga za kumfurahisha mwingine? Kijani kilipomwishia, akachomeka ushanga mwekundu mmoja, akampa bodaboda mzigo, akazima simu. Hafsa kwao akipiga, hapatikani. Akipiga tena, hapatikani, mpaka akalia, maana naye alikuwa ameshapenda.

Jumatatu ya wiki ya pili akamfuata mezani, uzi wa shanga mkononi, macho yamemvimba.

"Kijani kimoja umekibadilisha."

"Kilikwisha. Mumeo hataona."

"Mume gani?"

Sabiri akaionyesha hina kwa kidevu. Hafsa akaitazama mikono yake, akaketi juu ya gunia. Hina ilikuwa ya harusi ya dada yake, akamwambia. Yeye hana mchumba wala posa. Ni mwalimu wa baiolojia, na wanafunzi wake mada ya protini imewashinda.

"Protini ni uzi kama huu," akasema. "Shanga zake ni amino asidi, aina ishirini, na mpangilio ndio unaoamua ijikunje vipi. Hii ni ya damu. Ushanga mmoja tu ukikosewa mahali pabaya, chembe za damu hupinda kama mundu. Mdogo wangu anayo selimundu, Sabiri. Baridi ikiingia, analia usiku kucha."

Sabiri akaukata uzi, akazunguka soko zima hadi akapata kijani, akatunga upya. Kesho yake akaupeleka darasani mwenyewe, akasimama nyuma. Akamwona Hafsa anaukunja, anaushikiza kwa vibanio vya nywele, anawaambia watoto, "Hizi ni bondi za haidrojeni. Moja moja ni dhaifu, huachia. Zikiwa nyingi, umbo hukaa imara." Wakaja mbele mmoja mmoja, wakaukunja na kueleza, hata wale wasiowahi kunyoosha mkono. Darasa likapiga makofi mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Nje getini Sabiri akamngoja.

"Simu zetu za jioni," akasema, "moja moja hazikuwa kitu. Lakini zimenishika, Hafsa, siwezi tena kutoka. Nitume washenga kwenu?"

Hafsa akainama, akacheka kidogo kidogo.

"Watume. Halafu unitungie shanga zangu, hizo za kuvaa. Rangi chagua wewe."

Sabiri akawasha simu, akampigia mama yake pale pale getini, wanafunzi wote wakisikia.