Tulisusia Ligi, Mdogo Wangu Akatuuza

"Dada yangu anatafuta umaarufu kwa mguu wangu!"

Jamani! Mdogo wangu wa tumbo moja, kwenye televisheni ya saluni yangu, na mikono yangu iko kichwani kwa mteja!

Mteja akaniangalia kupitia kioo.

"Huyo si mdogo wako?"

Nikaongeza sauti ya televisheni.

Nyie mlionitukana, leo nisikilizeni.

Mdogo wangu alikuwa winga. Mashabiki walimwita Mshale kwa zile mbio zake. Siku moja akakanyagwa, mguu ukavunjika vibaya. Gari la wagonjwa? Halikuwepo! Alilala kwenye nyasi dakika arobaini, akaishia kupakiwa kwenye pikapu ya kubebea viti.

Hospitali wakasema amechelewa. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Ligi ikasema, "Ni ajali za mchezo."

Nikaingia mtandaoni: "Uwanjani hatuendi. Mechi hatuangalii. Soda ya mdhamini hatunywi. Mpaka kila mechi iwe na daktari na gari la wagonjwa!"

Walinicheka mpaka basi. "Msusi naye anataka kuitikisa ligi!"

Wiki ya kwanza, viti vichache vilibaki wazi. Ya tatu, kamera zikaanza kukwepa majukwaa. Ya tano, wenye maduka wakanitumia picha za kreti za soda zilizojaa vumbi. Ya sita, redioni ukimsikia kipa anavyomfokea beki wake, utadhani wako chumbani wawili tu.

Ndipo Jumamosi ya wiki hiyo, kwenye televisheni, Mshale akatokea pembeni ya mwenyekiti wa ligi, skafu ya ligi shingoni.

"Ligi imenitunza vizuri. Kesho rudini uwanjani."

Nikampigia.

"Mshale, umefanya nini?"

"Wameniahidi mguu wa bandia wa kisasa, dada. Na kazi ya ukocha. Wewe umenipa nini? Kelele tu!"

"Na wenzako wanaocheza?"

"Wenzangu wana miguu miwili."

Akakata simu.

Kesho yake uwanja ulifurika. Mimi nikaitwa tapeli. Kuna mama nimemsuka miaka saba, alinitemea mate mlangoni.

Mwezi ukapita. Akaja mwanamke mmoja kusukwa. Tulipobaki wawili, akafungua mkoba.

"Nilikuwa katibu muhtasi wa mwenyekiti. Wamenifukuza. Shika hii, usome."

Ilikuwa barua ya kampuni ya soda kwa ligi: msipoelewana na mashabiki kufikia Jumatatu, tunajitoa.

Nyuma yake, makubaliano. Madaktari. Magari ya wagonjwa. Matibabu ya majeruhi wote. Na mguu wa bandia wa Mshale... umetajwa kwa jina lake!

Chini, saini ya mwenyekiti.

"Alishasaini?!"

"Ijumaa, siku moja kabla mdogo wako hajaonekana kwenye televisheni. Halafu akasema, kabla hatujaitoa, ngoja kwanza nimpigie mdogo wake huyo msusi. Mdogo wako akakubali, karatasi ikafungiwa kabatini."

Nikafunga saluni, nikaenda kwa Mshale. Nilimkuta kitandani, magongo sakafuni.

"Dada, mguu sijapata, na watu wa ligi hawapokei simu yangu. Jaribu na yako."

Nikamsomea ile barua na makubaliano. Taratibu. Nikarudia mara ya pili, na sitawaficha, nilitaka imuume.

Alilia kama mtoto.

"Susia tena, dada! Waite watu!"

Nikaziweka karatasi zote mtandaoni. Jibu la kwanza kabisa: "Malizaneni huko nyumbani kwenu."

Hakuna aliyesusia.

Jumapili iliyofuata, beki wa timu yake, baba wa watoto wawili, aligongwa kichwani. Gari la wagonjwa halikuwepo. Alikata roho kwenye mstari wa pembeni, wenzake wakimpepea kwa jezi.

Msibani Mshale alimpa mjane mkono. Mjane aliutazama tu, akauacha hewani.

"Wewe ulikuwa unajua uwanjani hakuna gari," akamwambia.

Ndugu zangu, msiniulize kama mashabiki wanaweza kuitikisa ligi. Tuliitikisa, karatasi ninayo. Siku mkiona mmoja wenu anaitwa pembeni na kuahidiwa peke yake, jueni wakubwa wameshaishiwa pumzi.

Siku hiyo, kaeni nyumbani.