Mkia Ameitika

"Nani amebaki na mgonjwa?"

Mpishi aliuliza swali hilo ukingoni mwa barafu, sufuria zikiwa mgongoni, ukungu ukiwa umemeza miguu ya kila mtu. Wapagazi waliinama, wakajifanya wanakaza kamba za viatu. Kiongozi alitazama mbele. Bosi, mteja ambaye safari nzima ilikuwa yake, alikuwa anajipaka mafuta ya midomo.



Tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia hadithi ya mlima wanakimbilia kuuliza habari za mizimu. Mizimu ipo, itakuja. Lakini kabla ya mizimu palikuwa na watu, na watu hao walikuwa na akili timamu, makoti mazito na chai ya moto. Tuanze nao.

Jioni iliyotangulia, Mpishi alikuwa ameshuka ziwani kuchota maji ya kupikia. Lilikuwa ziwa la juu kabisa, lile lililo chini ya barafu yenyewe. Walishaacha nyuma msitu, matope, na maziwa ya chini yenye majani pembeni. Hapa hapakuwa na jani. Maji yalikuwa yameanza kufunga ngozi nyembamba ya barafu ukingoni, naye akaipasua kwa upawa. Kra. Hayakuwa na harufu yoyote, na hilo halikumpendeza. Kila maji aliyowahi kuyachota yalinukia kitu. Juu yake barafu kubwa ilikuwa inaguna, taratibu, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani.

Kisha akasikia kikohozi.

Alikijua. Kilitoka kambini, kwenye kibanda cha mabati, na ndani yake kulikuwa na mchemko, kama sufuria iliyofunikwa. Mpishi akaacha ndoo palepale.

Anayekohoa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Msafara mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliimba akiwa na mzigo, alisimulia akiwa na chakula mdomoni, alibishana hata akiwa usingizini. Mpishi ndiye aliyemtafutia kazi hii. Siku ya kuondoka, mama mkwe alimshika kiganja mlangoni, akamwambia, "Umemtoa hapa kwa mkono wako, mwanangu. Nirudishie kwa mkono huohuo." Alisema akicheka. Lakini kile kiganja hakukiachia upesi.

"Shemeji," Redio alisema alipomwona akiingia, "umekuja kunilisha au kunizika?"

"Nyamaza. Midomo yako imekuwa ya bluu."

"Nimejipaka. Nasikia ndio mtindo wa huku juu."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja. Alipofuta mdomo, kiganja chake kilikuwa na povu jekundu.

Kila anayefanya kazi mlimani anajua povu hilo maana yake nini. Mapafu yanajaa maji. Dawa yake ni moja, nayo haiuzwi dukani: mtu ashushwe. Ashushwe sasa hivi, abebwe akibidi, asingojewe. Kiongozi alijua. Alikuwa na cheti kinachosema anajua.

"Mshusheni," Mpishi alimwambia.

"Jua linazama. Asubuhi."

"Mna taa za kichwani. Nimewaona mkishuka na taa bosi mmoja alipoumwa jino."

Bosi alikuwa amekaa karibu na jiko, kikombe mkononi. Kazi yake huko kwao ilikuwa kuhutubia watu kuhusu ushindi. Alikuja mlimani apate picha ya kuthibitisha. "Dada," alisema kwa upole, upole ule wa mtu asiyepoteza kitu, "udhaifu huanzia kichwani. Mwili unafuata tu. Mwambie kijana aamue kupona."

Kasuku alicheka. Huyu alikuwa mbeba hema, mcheshi wa kambi, na alipata jina hilo kwa sababu hakuna sauti aliyoshindwa kuiiga. "Mwambie kijana aamue kupona," alirudia, na ikawa sauti ya bosi kabisa, hata ule mkwaruzo wa mwishoni. Watu wote wakacheka. Kisha akamwigiza Redio: "Shemeji, nimeamua! Lete nyama!" Hata Redio mwenyewe, kule ndani, alicheka mpaka akashindwa kupumua.

Asubuhi Mpishi alimpelekea uji. Redio hakuwa na utani tena. Alimshika ukosi wa koti. "Shemeji, usiniache na hawa."

"Siwezi kukuacha."

Nje, Kiongozi akamwambia kwamba watu wawili watamshusha jua likichomoza vizuri. Yeye atangulie na sufuria, kwa sababu bosi atahitaji kitu cha moto juu. Alisema bila kupepesa. Mpishi alitangulia.

Ndiyo maana sasa, ukingoni mwa barafu, watu walipomfikia, alianza kuwatazama mmoja mmoja. Mbeba viti yupo. Kasuku na hema lake yupo, mwisho kabisa, nusu amemezwa na ukungu. Mbeba mitungi ya gesi yupo. Wote walikuwa hapa juu. Ndipo akauliza lile swali, na waliponyamaza akatua sufuria chini zikalia.

"Narudi," alisema.

"Utarudi kwa nani?" Kiongozi alisema. "Kapona. Kakataa kushushwa kama gunia. Yuko nyuma, anatufuata. Si ndiye mkia?"

Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika misafara ile, anayetembea wa mwisho kabisa huitwa mkia. Ukungu ukishuka, Kiongozi akifika kila kona husimama na kuita, "Mkia!" Mkia huitika, "Nipo!" Asipoitika, msafara mzima husimama na kurudi, hata kama kilele kiko pua na mdomo, mpaka mkia aonekane. Na hakuna anayemwitikia mwenzake. Hata mpagazi mgeni analijua hilo. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa funga mzigo wako twende.

Redio alikuwa mkia tangu msituni. Walimweka nyuma ili wapumzike na mdomo wake.

Kiongozi akageukia ukungu. "Mkia!"



Upepo.

Halafu, kutoka huko nyuma kweupe: "Nipo! Tembea, shemeji, unazuia njia!"

Ilikuwa sauti yake. Hata kile kikohozi kidogo cha mwisho. Mpishi alicheka peke yake, akamtukana kimoyomoyo tusi la kifamilia, akabeba sufuria zake. Akaingia kwenye barafu.

Walipanda kutwa. Meno ya chuma chini ya viatu yalitafuna, kra, kra, kra. Kila kona Kiongozi aliita. Kila kona likaja jibu.

"Mkia!"

"Nipo!"

Kwa kadiri walivyopanda, jibu lilipungua maneno. Hapakuwa tena na shemeji, wala utani. Nipo tu. Mpishi akajiambia kwamba amechoka, na nani asingechoka? Mara moja tu alishtuka: Kiongozi alichelewa kuita, na jibu likaja kabla ya swali.

"Nipo."

Watu walitazamana. Bosi alikuwa anajipiga video.

Walifika kambi ya juu mchana umegeuka. Mpishi akawasha jiko, akapanga vikombe, akakaa akitazama mahali ukungu ulipokatikia. Akatokea mbeba viti. Akatokea mbeba mitungi. Wa mwisho akatokea Kasuku, uso umempauka kama unga.

Nyuma ya Kasuku hapakuwa na mtu.

"Redio yuko wapi?"

Kasuku alitazama viatu vyake. Mpishi akamkamata ukosi kwa mikono miwili. "Kasuku! Shemeji yangu yuko wapi?"

"Kiongozi ndiye aliniambia," alinong'ona. "Alisema ukirudi wewe, watarudi wote, na bosi atatuchafulia majina kwenye kampuni. Akaniambia niitike. Ile mara moja tu, dada. Basi."

"Mara moja? Mmeitikiana kutwa nzima!"

"Mara ya kwanza ndiyo mimi." Akatazama ukungu nyuma yake. "Baada ya pale... sikufungua mdomo."

Bosi alisema jambo hilo lizungumzwe baada ya picha. Kiongozi alisema asubuhi. Asubuhi! Mpishi hakubishana nao. Kuna watu ukibishana nao unawapa heshima. Alizima jiko, chakula cha bosi kikiwa nusu kuiva, akageuka kushuka. Kasuku akamfuata bila kuitwa.

Mwanga ulikuwa unakufa walipoingia tena kwenye barafu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mpishi hakuona mikono yake. Nyuma yake meno ya chuma yalitafuna, kra, kra. Ghafla yakanyamaza. Aliogopa Kasuku ametumbukia kwenye ufa wa barafu, naye, kwa mazoea tu, kwa mazoea ya kazi, akaita:

"Mkia!"

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya Redio. Karibu.

Aligeuka. Kasuku alikuwa hatua moja nyuma yake, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtiririka juu ya vidole. Sauti ilikuwa imetoka nyuma ya Kasuku.

Hawakuita tena. Walishuka kwa kushikana mikanda. Lakini kra, kra ya miguu haikuwa ya watu wawili, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Kibanda kilikuwa kimya. Mlango ulikuwa na komeo la nje, la kuzuia upepo usiupigepige kibanda kikiwa kitupu.

Komeo lilikuwa limefungwa.

Mpishi alilitazama kwa muda. Kiongozi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka kambini. Mgonjwa asije akajikokota akawafuata, akaonekana, safari ikaharibika. Komeo! Hata mzimu haujawahi kufikiria jambo kama hilo.

Alilivuta.

Redio alikuwa amekaa nyuma ya mlango, ubavu umeuegemea, hivi kwamba ulipofunguka alimwangukia shemeji yake miguuni. Alikuwa amekauka kwa baridi. Kucha zilikuwa zimekatika, na mbao za chini ya mlango zilikuwa na michirizi. Kikombe cha uji kilikuwa pale alipokiacha Mpishi asubuhi, kimejaa mpaka juu, kimeganda. Hakukionja hata kidogo. Alikufa msafara ukiwa haujafika mbali.

Mdomo ulikuwa wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Mpishi alipiga yowe mpaka ziwa likamrudishia. Kasuku naye alipiga magoti, akafungua mdomo kulia. Mishipa ya shingo ilimsimama. Hakikutoka kitu. Hata pumzi haikusikika.

Na kutoka juu, kwenye barafu, wakasikia mtu analia kwa sauti ya Kasuku.

Daktari alimchungulia koo baadaye, akasema ni zima kabisa, ni mshtuko, ataongea. Hajaongea mpaka leo. Wapagazi wa zamani wanasema ukimwitikia mtu mlimani unampa mlima nafasi yako, na mlima hauna haraka ya kurudisha. Wengine wanasema ni mwangwi tu, barafu ina kuta. Chagua unalolipenda.

Na Kiongozi? Ninajua mnangoja niseme alitumbukia, au aliokotwa uchi akicheka peke yake. Pole. Hakupatwa hata na mafua. Bado anapandisha watu. Kilipokaa kikao cha uchunguzi alisema mgonjwa alikuwa amepona na anawafuata, kisha mgonjwa huyo akarudi mwenyewe kibandani. Kasuku aliandika ukweli wote kwa mkono wake. Ndipo bosi akatoa simu, akawasikilizisha ile video: upepo, uso wake ukitabasamu, Kiongozi akiita mkia. Na jibu likaja safi kabisa.

"Nipo."

"Mnasikia?" bosi alisema. "Alikuwa hai. Alikuwa nasi." Mpishi alisimama akapiga kelele kuhusu komeo, wakamwambia upepo hufunga makomeo. Karatasi ya bubu ilishindana na sauti ya maiti, na maiti akawatetea waliomuua. Video hiyo bosi huionyesha kwenye mihadhara yake. Watu husimama wakapiga makofi.

Mpishi hakurudi mlimani. Anapika kwenye kantini moja ya shule. Jioni akiwaita watoto wake ndani, huwa anauliza kama mama yeyote, "Wote mmeingia?" Watoto huitika. Kisha, baada ya kimya kidogo, huitika mwingine, upande wa nje wa mlango, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mara ya kwanza alipoisikia alikimbilia komeo. Mama mkwe alimshika kiganja, kilekile.

"Mwache aingie," alisema yule mama. "Kufungiwa mara moja kulimtosha."

Nyumba hiyo sasa haina komeo. Wameling'oa. Mlango hukaa nusu wazi hata mvua ikinyesha, na watoto hulala wamejikunyata upande mmoja wa kitanda, kama walioombwa wasogee.

Mimi sina ujuzi wa mizimu na sikuombi uiamini. Naomba jambo moja. Ukienda kutembea milimani, ukawa na viatu vizuri na mteja ana haraka, na mkia asipoitika, rudi.

Na akiitika, rudi vilevile. Kamwone kwa macho yako.