Chumvi Sakafuni kwa Yaya Émérance

Siku ile nilipanda kwa yaya wangu Émérance, dada yangu mkubwa, hapa Songo kando ya ziwa Tanganyika, kumpelekea ndagala na unga wa mihogo. Binti yangu Délice nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa kitenge changu chenye ndege wa manjano. Ilikuwa saa sita ya mchana. Bati zilikuwa zinalia kwa jua, na majirani walikuwa wamejilaza ndani. Juma la pili lilikuwa linaisha tangu yaya arudi kutoka India, na watu walianza kupungua kuja kumpa pole.

Alikwenda na mtoto wake wa pekee, Naomie, mwenye miaka saba, mgonjwa wa moyo. Alirudi peke yake.

Nilimkuta amepiga magoti sebuleni, anapangusa simenti kwa kitambaa.

"Yaya, weye unapangusa kila siku? Utatoboa nyumba," nikamtania.

Hakucheka. "Haiishake," alisema.

Kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka kulikuwa na alama nyeupe. Nilidhani ni chokaa. Yaya akanishika mkono, akanigusisha kidole chini, akakipeleka mdomoni mwangu.

Chumvi.

Ziwa letu halina chumvi. Mtu akioga Tanganyika akakauka, haachi kitu sakafuni. Nikainama niangalie vizuri. Zilikuwa nyayo za mtoto. Na kwenye mguu wa kushoto, vidole viwili vya katikati vilikuwa vimeshikana. Siku Naomie alipozaliwa, mkunga aliona vidole vile akacheka, akasema huyu amekuja na viatu vyake.

Nikakaa chini.

Ndipo yaya akanieleza jambo ambalo hakulisema mbele ya wageni.

Naomie alipasuliwa katika mji wa Chennai, na hakuamka. Kumrudisha kwa ndege hakukuwezekana, basi wakamchoma kama wanavyofanya kule. Baba mdogo Jean-Berchmans akasema kwa simu, "Majivu usituletee. Kwetu hatuzikake majivu." Yaya akabaki ndani ya chumba cha kupanga, chungu kidogo cha majivu mapajani, hajui aende wapi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, Mama Saroja. Kila asubuhi aliweka kikombe cha chai mlangoni, akaondoka bila kubisha. Siku ya tatu aliingia, akakaa chini nyuma ya yaya, akamsuka nywele. Kisha akasema kitu kwa lugha yake ndani ya simu, na simu ikatafsiri kwa Kifaransa: kuna mji wa zamani sana kando ya bahari, Rameswaram. Watu wanatoka India yote kuwasindikiza wafu wao pale. Mume wangu yuko ndani ya maji yale. Nitakupeleka mimi.

Wakapanda treni. Ilipita juu ya daraja, bahari huku na huku. Walifika pwani alfajiri, na yaya aliona watu wengi kama soko lisilo na kelele. Wababa wazima walikuwa wamesimama majini na nguo zao, mikononi wameshika matonge ya wali wa kuwapa wafu. Nyuma yao kulikuwa na hekalu lenye nguzo nyingi, ukumbi wake mrefu mpaka mtu wa mwisho kule alionekana mdogo kama punje. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Mzee mmoja alisogea tu, akamwachia nafasi kwenye maji.

Mama Saroja alimfundisha. Taja jina la mtoto. Weka wali majini. Mwaga majivu. Ondoka, usigeuke, usiite.

"Jina nilishindwa," yaya aliniambia. "Weye unajua. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halitajwe mpaka matanga iishe."

Ninajua. Na ninajua jambo la pili alilotufundisha bibi yetu: anayekufa safarini lazima aitwe, asije akapotea njiani. Basi yaya alipotembea hatua kumi, akageukia bahari. Akaita kwa sauti, "Mtoto, tuende nyumbani! Mama iko anaenda!"

"Mama Saroja akashika kinywa," yaya akaendelea. "Akaniuliza kwa simu kama nilitaja jina. Nikasema hapana. Ndani ya treni alinishika mkono njia yote. Lakini macho yake, mudogo wangu… alikuwa anaangalia nyuma yangu."

"Uliita mtoto," nikanong'ona.

"Niliita mtoto. Na pale majini kulikuwa watoto wangapi?"

Nikaangalia tena sakafu. Nyayo ndefu. Nyayo fupi. Zingine ndogo kuliko za Délice wangu. Nilihesabu mpaka tisa, nikaacha. Zote zilikwenda kwenye mkeka wa Naomie.

Katikati yake kulikuwa na alama za viganja viwili na magoti mawili. Huyo alikuwa hajajua kutembea.

"Wanataka nini?"

"Wanangoja mama zao. Wale wamama waliambiwa wasigeuke, wakatii. Minye niliwaibia watoto."

"Sasa taja jina la mtoto wako, abaki," nilimwambia. "Wengine waende."

Yaya aliangalia mkeka. Nilijua anachokitaka. Kwa majuma mawili alikuwa anatandika mkeka ule kila jioni. Ndicho kitu pekee kilichobaki kwake.

"Wangu ndiye mukubwa wao," alisema mwishowe. "Akibaki, huyu anayetambaa atarudi na nani?"

Nilifungua kitenge mgongoni, nikamshika Délice kifuani, nikakitandika kitenge kizingitini. Mtoto wa watu habebwi kwa mikono mitupu.

Yaya akasimama. Matanga hayakuwa yameisha, lakini alitaja.

"Naomie. Naomie wangu. Chukua wenzako. Huyu mudogo umubebe. Rudi nao kwa maji."

Jogoo wa jirani alinyamaza katikati ya kuwika.

Kisha simenti ikalowa.

Nyayo zilitoka mkekani, moja moja, kuelekea mlangoni. Alama za viganja zikafuata. Zikafika katikati ya sebule. Zikaisha.

Kuanzia pale, nyayo zenye vidole vilivyoshikana zilikuwa na maji zaidi, kama za mtu aliyebeba mzigo. Zilisimama mbele ya yaya. Zilikaa pale mpaka maji yakatengeneza kidimbwi kidogo. Yaya alinyoosha mkono, akapapasa hewani, kwenye urefu wa kichwa cha mtoto.

Halafu zikatoka nje, zikakauka juani.

Kitenge hakikuwepo tena kizingitini. Tulikitafuta uani na kwa majirani. Tangu siku ile hakuna chumvi tena. Yaya amekunja mkeka, na anapika kidogo, anakula kidogo.

Juma lililopita Mama Saroja alituma picha kwenye simu ya yaya. Alikuwa amerudi Rameswaram kumwombea mume wake, akaona kitu mchangani, akauliza kama anakijua. Ni kitambaa kilicholowa, chenye ndege wa manjano. Mama Saroja alikuwa amekiokota kwa uangalifu, hakukifungua fundo.

Ni fundo letu, la kubebea mtoto. Nililipima kwa macho, nikamwita yaya aje alione. Mimi halinienei. Limefungwa kwa kipimo cha kifua cha mtoto wa miaka saba.