Faksi ya Daktari Mathieu

Jumatatu ile dada yangu Kahambu aliamka kama siku zote. Alimchemshia mama uji, akamfunga kilemba, akapanda tramu kutoka Schaerbeek kwenda kazini. Ilikuwa Novemba, na kulikuwa na ile mvua nyembamba ya Brussels isiyonyesha wala kukatika. Mengi ya haya alinisimulia yeye. Ya mwisho niliyaona mwenyewe.

Kahambu alifanya kazi katika ofisi ya commune moja, yaani manispaa, kwenye dirisha la vifo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi hiyo huchosha bila kutoa jasho. Ndugu wa marehemu anakuja, Kahambu anafungua faili kwenye kompyuta, kompyuta inatoa namba. Daktari naye anathibitisha kifo humohumo kwenye kompyuta. Lakini wako madaktari wazee waliokataa mambo hayo. Kwa hao, Kahambu alichapisha karatasi yenye namba ya faili na kuituma kwa faksi. Daktari akatia sahihi, akairudisha kwa faksi, Kahambu akaiingiza, faili ikafungwa.

“Bila ile karatasi, mutu hajakufa,” alikuwa akinitania.

Katika madaktari wake wa faksi alibaki mmoja tu, daktari Mathieu.

Asubuhi ile mashine ilitoa karatasi yake. Sahihi ilikuwa ileile, yenye mkia mrefu. Jina la marehemu: mzee Djibril, jirani wa mitaa ya karibu. Saa ya kufa: tisa na dakika kumi alasiri, tarehe ya siku hiyohiyo.

Kahambu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Tena, yeye hakuwa ametuma karatasi yoyote. Akadhani daktari amechanganya tarehe, akaiweka kando. Kesho yake Aziza, binti wa mzee Djibril, akafika dirishani macho yamevimba. Baba yake alikuwa ameanguka jikoni jana, akafa, saa tisa na dakika kumi. Kahambu akafungua faili. Kompyuta ikatoa namba.

Ilikuwa namba ileile iliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi ya jana.

Akapiga simu kwa daktari. Aliyepokea ni mkewe, Cécile, kwa Kifaransa cha mtu aliyekesha. Mume wangu yuko hospitalini wiki ya tatu, alisema. Hasemi, hatutambui. Mkono wa kuume tu ndio unaotembea juu ya shuka, kama mtu anayetia sahihi.

“Na mashine yake ya faksi, Madame?”

“Niliitupa mwezi uliopita.”

Jumatano mashine ikalia tena. Kahambu aliliona jina kabla karatasi haijatoka yote. Kavugho, mzaliwa wa Butembo. Mama yetu. Saa ya kufa: kesho, saa nane na dakika ishirini mchana.

Hakuniambia. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia katika mkoba wake. Yeye ndiye aliyemtoa mama Butembo wakati wa vita, akamhangaikia viza miaka sita, kwenye ofisi ambazo kila mara zilikosa karatasi moja. Hakumfikisha huku ili karatasi nyingine imchukue. Isipoingizwa, aliwaza, basi hajafa.

Alhamisi hakwenda kazini. Mama alikaa kwenye kiti chake akichambua maharagwe. Ilipofika saa nane na dakika ishirini, mkono ukasimama. Maharagwe yakamwagika. Kifua kikatulia.

Kahambu hakupiga kelele. Alingoja tu.

Kisha mama akafumbua macho.

“Kahambu. Ju ya nini unafunga mulango?”

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Tangu siku hiyo mama hakula. Hakulala. Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji. Kahambu alimwekea kioo kidogo mbele ya mdomo, na kioo kikabaki safi. Kutwa mama alisimama akiutazama mlango wa nyumba, uso karibu kuugusa, akinong’ona kama anayezungumza na mtu aliye nje.

“Ngoja kidogo, papa. Habajaandika.”

Kahambu alichungulia kwenye kitundu cha mlango. Nje hapakuwa na mtu.

Jumapili nilipiga simu. Mama mwenyewe ndiye aliyepokea. Sauti yake ilikuwa mbali, kavu.

“Abigaël, ambia dada yako aniache. Niko nachoka. Miguu inachoka.”

Mimi ni mhudumu wa wagonjwa kule Jette. Nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili, na miguu yangu pia ilikuwa imechoka. Nilisema, “Bon, maman, nitakuja,” nikalala. Sikwenda. Hilo nalibeba mpaka leo.

Siku ya kumi na mbili, alfajiri, Kahambu alikuwa akimwosha mama mkono kwa kitambaa. Ngozi ikabaki kwenye kitambaa. Mama hakusikia maumivu. Aliutazama tu mkono wake, kama mtu anayetazama nguo iliyopauka.

“Mutoto yangu, unanipenda?”

“Ndiyo, maman.”

“Basi uniandike.”

Saa moja asubuhi Kahambu akanipigia. “Kuya ukae na maman. Usiniulize kitu.” Nilipofika, alitoka bila kunitazama usoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Ilinibidi nipite ubavuni mwake ili niingie. Kulikuwa na harufu chini ya harufu ya sabuni. Naijua harufu hiyo kutoka kazini. Nikajiambia sivyo. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Nikamwita. Hakugeuka. Nilihesabu pumzi zake.

Hapakuwa na ya kuhesabu.

Kule ofisini Kahambu alifungua faili. Namba ilikubaliana. Akainyoosha karatasi, akaiingiza, akabonyeza. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

Dakika hiyohiyo, nyumbani, mama aliinua mkono. Akafungua mlango mwenyewe. Alitabasamu kwa mtu ambaye mimi sikumwona.

“Aksanti kungojea,” akasema.

Akaanguka ndani, kichwa kwenye kizingiti.

Niliita daktari wa mtaa, msichana mmoja aitwaye Océane. Alipiga magoti, akamgusa mama shingoni, akarudi nyuma haraka. Akavaa barakoa.

“Alifariki lini, Madame?”

“Nusu saa iliyopita.”

Alinitazama. Hakukuwa na hasira katika macho yake, huruma tu, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. “Huyu ana karibu wiki mbili,” alisema polepole.

Polisi walituhoji siku tatu. Waliikuta karatasi ya daktari Mathieu kwenye kompyuta, Alhamisi, saa nane na dakika ishirini, na ilikubaliana na mwili. Kwao yalikuwa yameisha. Tulikuwa mabinti wawili walioshindwa kumzika mama yao. Walituacha na aibu hiyo. Kahambu alipompigia Cécile, aliambiwa kwamba mkono wa daktari ulitulia asubuhi ileile, na mwenyewe akafariki jioni.

Tulimzika mama siku ya mvua. Kahambu aliomba kuhamishwa dirisha. Sasa anatoa vibali vya kuegesha magari. Hatuzungumzi sana. Tukikutana tunakunywa chai, tunasikiliza redio.

Mwisho wa mwezi tulirudisha funguo za ile nyumba. Concierge, mtunza jengo, bibi mmoja wa Kituruki, alikuwa akitungoja ngazini na ndoo ya maji ya javel, dawa ya kuondoa madoa. Alituonyesha vigae nje ya mlango wetu.

Palikuwa na alama mbili nyeusi za viatu vya mwanaume, ncha zikielekea mlango. Vigae vilikuwa vimeliwa, kama mtu alisimama pale miaka. Na kando yake, nyayo ndogo za miguu mitupu zikitoka kizingitini kwenda ngazini. Wa kwanza. Wa pili. Kisha hakuna.

“Nimesugua mara tatu,” bibi alisema. “Zikikauka, zinarudi.”