Mwisho Aliousimulia Kinyozi

Foleni ya vitambulisho ilikuwa imejikunja mara tatu ndani ya ukumbi, na mwanamke mwenye gauni la buluu lenye vifungo vyeupe hakuwa na habari nayo. Alikuwa anasoma. Mbele yake pengo la hatua sita lilikuwa limefunguka, mkokoteni ungeweza kupita, naye amesimama palepale, kiganja mdomoni, macho yamemjaa machozi.

"Dada, foleni imesogea," alisema kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani." Akapiga hatua moja, akarudi kitabuni.

"Bado tano."

Kijana alikuwa mtanashati wa kupindukia: shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi mikononi, nywele zimechongwa penye paji la uso kama kwa rula, na harufu ya poda inamtangulia. Alikuwa kinyozi, na kinyozi hulazimika kukitembeza kichwa chake mjini kama kibao cha duka. Kazi ilikuwa imemzoesha kuzungumza na watu wasiomtazama.

"Kuna msiba?" akauliza kwa upole.

"Hapana. Kuna sanduku."

Ndipo akamweleza. Kuna binti wa miaka kumi na minne. Baba yake, fundi saa, ameondoka alfajiri bila kuaga, ameacha sanduku la ngozi na agizo kwamba lisifunguliwe mpaka atakaporudi. Miaka miwili imepita, na leo mjomba amekuja na patasi. Mwanamke alisimulia kwa mikono yote miwili, mara kwa sauti ya mjomba, mara kwa sauti ya binti, na bila yeye kujua foleni nzima ikawa imegeuza shingo. Mzee mmoja aliyeitwa dirishani alikataa kwenda mpaka aambiwe kama patasi imegusa kufuli.

"Halafu?" wakauliza watu.

"Halafu mtajisomea wenyewe." Akafunga kitabu. "Mimi ni mwalimu. Mwisho wa kitabu sisemi, hata mkiniachia foleni yote."

Watu walinung'unika kama waliopokonywa sahani. Kinyozi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Walipotoka nje kwenye jua la saa sita alikuwa na namba ya simu ya mwalimu, na kitabu chenyewe kwapani, kwa sababu mwalimu yule alikuwa hawezi kumwona mtu amependa hadithi akamwacha aende mikono mitupu.

Mwalimu alifundisha kidato cha pili katika shule ya ghorofa mbili iliyopakana na kiwanda cha magodoro. Nyuma ya darasa lake kulikuwa na kabati la riwaya za vijana, nakala thelathini na nne za kila kitabu, alizozipata kwa kubisha hodi kila ofisi mjini mpaka makarani wakawa wanajificha wakimwona. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, alisoma sura moja kwa sauti, akakatisha pale ambapo roho za watu ziko juu, kisha akafungua kabati. Anayetaka kujua kilichofuata achukue nakala akasome nyumbani. Sheria ilikuwa moja tu: aliyetangulia kumaliza hawaambii wenzake mwisho. Kusema kweli, wengi walichukua vitabu kwa kumwonea haya, wakavirudisha Jumatatu vikiwa havijafunguliwa. Miaka sita ilikuwa hivyo, na hakukata tamaa.

Na kila jioni alimpigia kinyozi simu.

"Umefika wapi, Fundi?"

"Nimefika pazuri."

"Pazuri wapi? Mjomba ameshaondoka?"

"Mwalimu, unanitahini saa hizi? Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kichwa hicho hakina masikio?"

"Kinayo. Ndiyo maana sitaki kisikie ninavyokuita mpenzi."

Simu zikazaa matembezi ya Jumapili, na matembezi yakazaa benchi lao katika bustani ya manispaa. Siku moja pale benchini, mwalimu amevaa blauzi ya njano na aiskrimu mkononi, akasema kwa utani, "Lakini mwanamume asiyesoma mimi simwezi. Jioni tutazungumza nini? Bei ya sabuni?"

Fundi naye akacheka, ila aiskrimu yake ilimdondokea kwenye suruali na hakuiona.

Ukweli ni kwamba alikuwa amefika ukurasa wa kumi na tisa. Aliacha shule mapema sana, mama yake alipougua, akashika mashine ya kunyolea ili wadogo zake wale. Kusoma alijua, lakini alisoma kwa kidole, na alipofika mwisho wa mstari mwanzo wake ulikuwa umeshamtoroka. Kumwambia mtu mwingine yeyote isingekuwa kazi. Kumwambia yeye, baada ya maneno yale, aliona ni kumpoteza. Kwa hiyo kesho yake akajikaza kisabuni na kumpigia.

"Nimemaliza."

"Nini?"

"Kitabu. Mwisho wake umenigusa sana."

Mwalimu alifurahi hata akasahau kuzima jiko. Alipotaka wauzungumzie huo mwisho, Fundi alisema, "Acha kwanza, bado unaniuma," na mwalimu akampenda zaidi kwa jibu hilo, kwa sababu yeye mwenyewe vitabu vilimuuma hivyo hivyo. Usiku ule alimwambia mama yake, "Nimempata anayesoma."

Wiki ya kufungua shule, mkuu aliagiza vichwa vyote vinyolewe, wasichana kwa wavulana. Darasa zima la mwalimu likapita kwenye kiti cha Fundi, na kila aliyekaa aliuliza swali lilelile, kwa kuwa mji mzima ulishajua habari za benchi. "Fundi, si wewe ndiye rafiki wa mwalimu? Umekisoma kile cha sanduku anachotusomea? Kinaishaje?"

Ijumaa mwalimu alisimama mbele ya darasa, akafungua sura ya nne. Msichana mmoja waliyemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, usijichoshe. Mwisho tunaujua."

"Mmeujuaje?"

"Fundi alituambia. Alipokuwa anatunyoa."

"Hata mimi aliniambia," alisema Kiroboto kutoka dawati la nyuma, kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote. "Mimi kaniambia eti sanduku—"

"Msiseme," mwalimu alimkatiza, mkono juu. "Hata neno moja. Kuna ambao hawajui."

Sheria ni sheria. Laiti angemwacha mtoto amalize sentensi ile, angejiokolea wiki nzima ya machozi. Alifunga kitabu, akawapa zoezi la kuandika, akatoka nje kwenye korido na simu.

"Umewaambia wanafunzi wangu mwisho wa kitabu?"

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa. "Niliwaambia... kitu."

"Mwisho?"

Fundi alikuwa na sentensi moja ya kumwokoa, kwamba mwisho ule haukuwa wa kweli. Lakini sentensi hiyo ingezaa swali, nao wa kweli ni upi, na hapo angeumbuka.

"Nisamehe," alisema.

"Miaka sita natafuta njia ya kuwafanya watoto hawa wafungue kitabu. Wewe umeifunga kwa wiki moja, kwa sababu ya kupiga soga."

"Mpenzi wangu—"

"Usiniite hivyo leo."

Leo hiyo ikawa siku saba. Fundi alipiga, simu haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi zaidi, akaufuta nao. Dukani alinyoa watu kimya, na wateja waliozoea vichekesho vyake wakadhani anaumwa jino. Nyumbani kwao, mama wa mwalimu alimtazama bintiye anavyozungusha kijiko kwenye chai isiyo na sukari, akauliza, "Iliyozimika ni simu yako au ni wewe?"

"Ni sisi wote, mama."

Ijumaa iliyofuata mwalimu alisikia kelele tangu ngazini. Alipofungua mlango alimkuta Kasuku amesimama juu ya kiti, Kiroboto juu ya dawati, kila mmoja na nakala yake mkononi.

"Fundi aliniambia sanduku lilikuwa tupu," alikuwa akisema Kiroboto.

"Mimi aliniambia baba alirudi siku ya harusi."

"Mimi kaniambia baba ndiye jirani yao," alidakia mwingine. "Alihamia nyumba ya pili na ndevu za bandia."

"Amewadanganya wote," alisema Kiroboto, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye ushahidi. "Nimekisoma mpaka ukurasa wa mia moja themanini na sita, hakuna kinachobaki. Usiku sikulala. Mwalimu, ndani ya sanduku kulikuwa na—"

"Usiseme," wakapiga kelele nusu ya darasa, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa katikati ya kitabu.

Mwalimu aligeuka kulitazama kabati. Rafu ya kitabu cha sanduku ilikuwa tupu. Nakala zote thelathini na nne zilikuwa madawatini, zimewekwa alama za vipande vya karatasi, majani ya daftari, hata kitana. Alikaa kwenye kona ya meza. Akatabasamu peke yake. Kisha ikamjia fikra nyingine. Kama hakuutoa mwisho wa kweli, kwa nini alikubali kulaumiwa?

Saa kumi na moja alikuwa mlangoni pa kinyozi, amevaa gauni la kazini lenye vumbi la chaki mifukoni. Duka lilikuwa dogo, kioo kimoja, viti viwili, ukuta wa kijani uliopauka. Fundi alikuwa anafagia nywele. Alipomwona aliacha ufagio uanguke.

"Miisho mingapi?" mwalimu aliuliza.

"Nini?"

"Umewapa miisho mingapi?"

Fundi alijikuna shingo. "Kila kichwa na wake. Vichwa thelathini na kitu."

"Na ndevu za bandia?"

"Siku ile nilikuwa nimechoka."

Mwalimu alitaka kucheka akajizuia. "Nilikufokea kwenye simu ukaomba radhi tu. Ungesema tu kwamba hukuutoa ule wa kweli. Kwa nini hukusema?"

Nje mtu alipita akiuza magazeti. Fundi akavuta droo ya chini, chini ya chupa za spiriti, akatoa kitabu na kukifungua penye kijiti cha kiberiti.

"Kwa sababu siujui," alisema. "Nimefika hapa. Ukurasa wa ishirini na nne. Sikumaliza, mwalimu. Nilikudanganya. Naweza kusoma, lakini nasoma kama mtoto anayejifunza kutembea. Waliponiuliza sikuwa na cha kuwaambia, nikatunga. Na wewe ulishasema asiyesoma humwezi."

"Nilisema hivyo lini?"

"Benchini. Ukiwa na aiskrimu mkononi."

Mwalimu alikumbuka, na uso ukamwaka kwa aibu. Katika darasa lake hakuna mtoto aliyewahi kuchekwa kwa kusoma polepole; angemtoa nje aliyecheka. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amemfunga mdomo mtu anayempenda kuliko wote, kwa utani mmoja wa Jumapili.

"Nimekosa," alisema. "Maneno yale yalikuwa ya kipuuzi, na nayafuta mbele yako. Lakini na wewe umekosa. Si kwa kutosoma. Ni kwa kuniangalia machoni na kusema umemaliza. Nilimwambia mama yangu."

"Najua. Nilitaka kukwambia kila siku, na kila siku nikaogopa zaidi ya jana."

"Bado unaogopa?"

"Sana."

Akamsogelea, akampangusa poda iliyokuwa shavuni. "Mimi nakupenda, Fundi. Nimekasirika, na kesho huenda nikaamka bado nimekasirika. Lakini nakupenda. Nikusomee kilichobaki?"

"Hapana," alisema Fundi upesi. "Nitakimaliza mwenyewe. Kaa tu hapa."

Ikawa hivyo. Kila jioni baada ya mteja wa mwisho mwalimu alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akisahihisha madaftari, na Fundi akasoma kwenye kiti cha pili, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza. Mwalimu hakumsaidia neno mpaka aulizwe. Kuna jioni Fundi alisoma kurasa mbili tu. Kuna jioni alikitupa kitabu juu ya kabati na kuapa kwamba mjomba yule angekuwa mteja wake angemnyoa nyusi. Ilipita miezi miwili na zaidi.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, simu ya mwalimu iliita katika chumba cha walimu.

"Nimemaliza," alisema Fundi.

"Uko peke yako?"

"Nina mteja. Nimemnyoa nusu, nikamwomba asubiri kurasa tatu."

"Na amesubiri?"

"Amesubiri. Nilikuwa namsomea kwa sauti." Akavuta pumzi. "Mwalimu, yule baba. Kwa nini alifanya vile?"

Mwalimu alitoka hadi kwenye korido, akajibanza dirishani. Wakazungumza. Fundi alimtetea baba, mwalimu akamtetea binti, wakabishana juu ya mlango ulioachwa wazi katika ukurasa wa mwisho, na mteja kwa mbali akasikika akisema kwamba baba alikuwa hana njia nyingine. Kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita mwalimu hakuiitikia.

"Nikuulize jingine," alisema Fundi. "Nataka kuja kwenu. Kumwona mama."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba nataka kukuoa. Na kwamba sikuwa nimekisoma kitabu kile wakati ule ulipomwambia nimekisoma. Atajua niliacha shule nikiwa mdogo, na kwamba hiki ndicho kitabu cha kwanza kukimaliza maishani mwangu. Sitaficha kitu. Akinikataa, anikatae mimi mwenyewe, si yule niliyekutungia."

Mwalimu alijifuta macho kwa mkono wa gauni. Kutoka ghorofani watoto walikuwa wanamwita.

"Njoo Jumapili, saa nne," alisema. "Mimi mwenyewe nitakufungulia mlango."