Hospitali ya Ng'ambo ya Reli

Kila asubuhi Mira alichota maji, akafagia ua, kisha akamnywesha uji mdogo wake Elisha, aliyekuwa na miaka mitatu na ubishi wa mzee wa sabini. Mira mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuwa wageni katika mji wa Kamina, nchi ya jirani. Walikuwa wametoka Kigoma, Tanzania, kwa sababu baba yao, Mwalimu Gamaliel, alipata kazi katika shule ya Wamethodisti.

Jumamosi yao ya kwanza mama alimpa Mira kazi.

"Mwanangu, ugenini hatungoji mtu augue ndipo tutafute hospitali. Waulize majirani wanatibiwa wapi, kisha ufike huko uone mwenyewe. Daktari yupo? Wanapima damu? Jumapili wanapokea wagonjwa?"

Kazi haikuwa ngumu, ila Mira alikuwa na aibu. Watoto wa mtaa walikwisha kumcheka kwa Kiswahili chake cha Kigoma, naye aliona afadhali apotee kuliko kuuliza. Alivuka reli, akaona kwa mbali kibao cha buluu chenye msalaba mwekundu na picha ya jengo la ghorofa. Hakukisogelea. Wasichana waliokuwa wakiruka kamba walimwita, akacheza nao mpaka saa sita.

Nyumbani uongo ulimtoka bila kukwama. "Nimeiona, mama. Iko ng'ambo ya reli, ina kibao cha buluu. Daktari yupo, damu wanapima, na Jumapili hawafungi."

"Uliingia ndani?"

"Niliingia."

Mama alimsifu sana, akampa kipande kikubwa cha samaki wakati wa chakula. Mira alikila chote, wala mwiba haukumkwama.

Wiki tatu baadaye, baba akiwa safarini Luena, Elisha aliamka na homa. Mama alikimbia sokoni kutafuta ndimu, akamwachia Mira mgonjwa. Aliporudi alimkuta Elisha peke yake mkekani, anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Ilikuwa degedege. Alimbeba, akamwita Mira kwa sauti, Mira akatokea mbio, wakatoka barabarani na kusimamisha pikipiki.

"Tupeleke hospitali ya ng'ambo ya reli, yenye kibao cha buluu," mama alisema.

Mwendesha pikipiki, Bwana Kitwa, alimtazama kwa mshangao. "Mama, kule hakuna lopitalo. Lopitalo iko huku, karibu na soko. Minyi njo muntu wa hapa," alisema, akijigonga kifua.

"Binti yangu aliingia ndani akamwona daktari," mama alijibu kwa ukali. "Twende kule."

Mira angeweza kusema ukweli hapo hapo. Badala yake alipanda nyuma ya mama, pikipiki ikaondoka.

Nyuma ya kibao kulikuwa na kuta nne zilizofika kiunoni, bila paa. Ndani yake mtu alikuwa amepanda mahindi, na mbuzi wawili walikuwa wanayatafuna. Jengo la pichani lilikuwa hospitali ambayo watu walitumaini kuijenga siku moja. Kibao ndicho kilichotangulia.

Mama alisimama na mtoto mikononi, mdomo wazi. Akazitazama kuta, akamtazama Mira, akazitazama kuta tena. Tangu azaliwe Mira hakuwahi kuogopa namna ile.

"Mama, sikuingia," alisema. "Hata hapa sikufika."

Bwana Kitwa alikuwa amekwisha kugeuza pikipiki. "Mupande mbio," alisema. "Mutoto hawezi kungoya."

Hospitalini muuguzi, Mama Masengo, alimpokea Elisha mlangoni. Alimchoma sindano, degedege ikakatika, kisha akampima damu. Ilikuwa malaria kali.

"Asubui nani alibakia na mutoto?" aliuliza. Mama alimwonyesha Mira. "Haya, weye uniambie. Alitapika mara ngapi? Degedege ilianza saa ngapi?"

Mira alikuwa na jibu tayari: mara moja tu, na degedege ilianza mama alipofika. Lingemwokoa asitazamwe tena na mama yake kama pale kwenye mahindi.

"Sijui," alisema. "Nilimwacha amelala, nikaenda kucheza."

Mama alifumba macho. Muuguzi aliandika, akatikisa kichwa. "Bon, sawa. Kama haujui, tutamuchunga kama mutoto mwenye alikuwa na degedege ya wakati murefu. Hatutamutoa macho."

Alitimiza neno lake. Alasiri Elisha alifungua macho, akaomba uji, na alipoletewa akaukataa. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Mira alipiga magoti akaomba msamaha, akasimulia yote tangu Jumamosi ile ya kibao, akilia kuliko mama yake.

"Simama, mutoto," Mama Masengo alimwambia. "Kusema 'sijui' haiko kitu ya haya. Leo uliniambia vile, na minyi nikajua namna ya kumusaidia ndugu yako. Ile Samedi ungemwambia mama yako vile vile, mungekuya hapa moja kwa moja."

Mama alimshika Mira mkono. "Mgeni hana macho, mwanangu, huona kwa maneno ya watu. Leo asubuhi nilimkatalia mtu anayeijua njia kwa sababu nililiamini neno lako. Na kesho pia nataka niliamini."